Yai Lina Wenyewe

Mti ukiangushwa na kiota kikaanguka nao, kisha mayai mawili matatu yakabaki mazima kwenye nyasi, ni vigumu kwa mtu mwenye moyo kupita kama hakuona. Yai huokotwa, hufunikwa kwa pamba au kitambaa, huwekwa karibu na taa. Siku hizi, kwa kuwa mashine ndogo za kutotolesha vifaranga zimewafikia hata wafugaji wa kuku vijijini, wako wanaolitia yai hilo humo pamoja na mayai ya kuku na kungoja. Tendo hilo lina heshima yake na sitaki kulidharau. Lakini linabeba swali ambalo dini zetu zimeligusa tangu zamani, na ambalo elimu ya ndege imelizidishia uzito: huruma tunayomwonea kiumbe wa porini inatudai nini hasa? Jibu nitakalolitetea huenda likawachoma baadhi ya watu wanaowapenda ndege kwa dhati. Yai la porini lina wenyewe. Wajibu wetu wa kwanza ni kulirudisha kwao, au kuliacha pale walipoliweka. Kuliangua kwa mikono yetu ni jambo linalotupasa pale tu ambapo sisi ndio tuliowaondoa wenyewe, na tunao uwezo wa kumfikisha kinda mpaka kwa ndege wenzake. Pasipo masharti hayo mawili, tunachookoa ni moyo wetu usiumie, na gharama yake analipa ndege.

Tuanze na yai lenyewe, maana hoja nyingi za huruma hupotea kwa kutolijua. Yai lililotagwa leo halina haja ya joto leo. Ndege wengi hutaga yai moja kwa siku na hawaanzi kuatamia mpaka mayai yakaribie kutimia, ili makinda waanguliwe pamoja. Katika siku hizo za mwanzo yai hukaa baridi na chembe ya uhai iliyomo hulala bila kudhurika. Kwa hiyo yai baridi si lazima liwe yai lililotelekezwa, na kiota kisicho na ndege asubuhi hii huenda mama yake yuko tawi la jirani akisubiri mtu aondoke. Tena yako mayai yasiyorutubishwa na mayai viza ambayo hayangetoa kitu hata mama angeyalalia mwezi mzima. Kuatamia kukishaanza, mambo hubadilika. Mzazi huachia sehemu ya ngozi ya tumbo isiyo na manyoya, iliyojaa mishipa ya damu, na kuigandamiza kwenye mayai. Huyageuza mara nyingi kwa siku ili kiinitete kisishikamane na utando wa ganda. Yai hupoteza maji polepole kupitia vitundu vya ganda, na kwa aina nyingi za ndege limepungua takriban asilimia 15 ya uzito wake siku ya kuanguliwa. Likipoteza kidogo mno kinda huzama, likipoteza mno hukauka. Mashine ya kuku hushikilia nyuzi joto kama 37.5 na unyevu unaomfaa kuku. Mwenye kuokota yai asilolijua hajui hata kama vipimo hivyo ni vya ndege huyo, wala ni siku ya ngapi tangu lianze kuatamiwa.

Hayo ni ya mwili tu, na fundi makini anaweza kuyapatia. La kushangaza zaidi ni kwamba malezi huanza kabla ganda halijapasuka. Australia kuna ndege mdogo wa buluu, kwa Kiingereza superb fairy-wren, ambaye mama huliimbia yai akiwa anaatamia. Watafiti walieleza mwaka 2012 kwamba makinda wakishatoka huomba chakula kwa sauti yenye alama ile ile waliyoisikia wakiwa ndani, na wazazi huitumia kuwatambua walio wao katika nchi ambayo kekeo hupenya kutaga katika viota vya wengine. Utafiti mwingine wa 2016 juu ya shorewanda wa Australia anayefugwa kote duniani, zebra finch, ulionyesha kwamba joto likizidi wazazi huyaita mayai kwa mlio maalumu siku za mwisho, na makinda waliosikia mlio huo hukua kwa namna tofauti na wenzao. Mtu anaweza kuweka taa mahali pa tumbo la mama. Mahali pa sauti ataweka nini? Kinda akishatoka, kazi ndiyo kwanza inaanza. Kinda wa mnana hutoka uchi na macho yamefumba, hawezi hata kujipasha joto, na wazazi humletea wadudu tena na tena tangu kucha mpaka magharibi. Aliyepanga kungoja yai lipasuke huona kwamba alichokuwa akingojea ndicho kilikuwa chepesi.

Waswahili watanijibu kwa methali: mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Kwamba silika imo damuni, kinda atajua mwenyewe kuruka, kula na kuogopa paka. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito kwa sababu lina ukweli ndani yake. Kifaranga wa kuku kweli huchakura bila mwalimu, na kwa karne nyingi watu wa vijijini wameweka mayai ya kanga chini ya kuku na kupata kanga wanaotembea na kujilisha siku chache tu baadaye. Lakini tazama methali ilimchagua nani: kuku, ndege anayezaliwa na manyoya mwilini na macho wazi, ambaye maisha yake yote ataishi kwa watu. Silika inampa mguu wa kuchakura. Haimwambii yeye ni nani. Konrad Lorenz, mwanazuoni wa Austria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alieleza katika maandishi yake ya 1935 jinsi vifaranga wa bata bukini walioanguliwa mbele yake walivyomfuata yeye kama mama, na jinsi chapa hiyo ya saa za mwanzo inavyoweza kuamua hata ndege atamtafuta nani akiwa mkubwa ili aoane naye. Silika yao haikuwa na kasoro. Ilifanya kazi yake barabara, ila aliyekuwa mbele yao hakuwa wa kwao.

Marekani jambo hilo lilijaribiwa kwa nia njema na kwa gharama kubwa. Korongo weupe wakubwa wa bara hilo walikuwa wamebaki wachache mno, na kuanzia 1975 mayai yao yaliwekwa katika viota vya korongo wa kijivu huko Grays Lake, jimbo la Idaho, ili wawalelee. Kwa kipimo cha kuangua, mpango ulifaulu: mayai yaliatamiwa, makinda walitoka, walilishwa, wakafundishwa na walezi wao njia ya kuhamia kusini majira ya baridi. Lakini walipokomaa walijiona kuwa korongo wa kijivu. Hawakuoana wao kwa wao, na mpaka kundi lile lilipotoweka hakupatikana kinda hata mmoja wa aina yao aliyezaliwa nalo. Walezi hawa walikuwa korongo, jamaa wa karibu kabisa, wenye mabawa, wenye kinamasi na wenye anga. Ikiwa korongo hakuweza kumlea korongo wa kabila jingine akabaki yeye mwenyewe, basi sisi wenye sanduku la karatasi na taa ya mezani tuipime ahadi yetu upya kabla ya kuitoa.

Hapa ndipo maandiko yanaponishangaza kwa usahihi wake. Qur'ani, katika sura ya Al-An'am aya ya 38, inawataja wanyama wa ardhini na ndege warukao kwa mabawa yao kuwa ni umma kama sisi. Mara nyingi aya hii hutumiwa kuhimiza upole kwa wanyama, na ni sawa; lakini inasema zaidi ya upole. Inasema ndege hajakamilika akiwa peke yake. Ana watu wake, kwa maana halisi ya kuwa na jamaa, mwenendo na lugha. Kumpenda ndege ni kuuheshimu umma wake, na yai ni mtoto wa umma huo kabla hajawa mgeni wa nyumba yangu. Ndiyo maana naona uzito mkubwa katika hadithi iliyopokewa kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud, iliyomo katika Sunan ya Abu Dawud. Masahaba walikuwa safarini, wakachukua makinda wawili wa ndege mdogo, na mama yao akaja akitandaza mabawa na kuzunguka juu yao. Mtume alipoona aliuliza ni nani aliyemsikitisha ndege huyo kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Katika mkusanyiko wa Al-Adab al-Mufrad ipo riwaya inayotaja mayai badala ya makinda, na amri ni ile ile: yarudishwe. Tuangalie ambacho hakikuamriwa. Hawakuambiwa wawalee vizuri, wala wawape maji, wala wawabebe kwa uangalifu hadi mwisho wa safari. Masahaba wale hawakuwa watu katili, na hakuna linaloonyesha kwamba walikusudia kuwatesa makinda. Kosa lilipimwa kwa maumivu ya mama, na tiba yake ilikuwa kurudisha.

Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7, inamwelekea mama. Mtu akikuta kiota njiani, mama yumo juu ya mayai au makinda, haruhusiwi kuwachukua wote pamoja. Amwachie mama aende zake. Wayahudi wamebishana juu ya amri hii kwa karne nyingi, na ubishi wao unatufaa. Mishna, katika mlango wa Berakhot, inaamuru anyamazishwe mtu anayemwambia Mungu katika sala kwamba rehema zake zinafika hadi kiota cha ndege, na mojawapo ya sababu zilizotolewa baadaye katika Talmud ni kwamba mtu huyo anazigeuza amri za Mungu kuwa hisia za huruma, hali ni amri. Lakini Musa bin Maimun, tabibu na mwanafalsafa wa karne ya 12 aliyeishi Misri, aliandika katika kitabu chake cha Mwongozo wa Waliotatizika kwamba sababu ya amri ni uchungu wa mama, kwa kuwa upendo wa mama kwa mwanawe hautoki kwenye akili bali kwenye nguvu nyingine ya nafsi ambayo mnyama anayo kama binadamu. Mimi nasimama na bin Maimun kuhusu sababu ya amri, lakini wale waliomnyamazisha mwombaji wana onyo ambalo tusilipuuze: hisia pekee ni kipimo kibovu cha wajibu. Mtu anayelia kwa kuliona yai na asimwone mama aliye juu ya tawi ana huruma nyingi na macho machache.

Pingamizi linalofuata ni zito zaidi kwa muumini. Mungu ndiye aliyenifikisha kwenye yai hili, husema, na Injili imesema hata shomoro haanguki pasipo Baba. Nikilipita nitakuwa nimeikataa kazi niliyopewa. Mathayo 10:29 inasema hivyo kweli, lakini isomwe kwa utulivu. Haikuahidi kwamba shomoro hataanguka. Imesema anaanguka, na kwamba kuanguka kwake hakuko nje ya ujuzi wa Mungu. Kitabu cha Ayubu, sura ya 39, kinamtaja mbuni anayeacha mayai yake mchangani ambapo mguu unaweza kuyaponda, na bado Mungu anamtaja kati ya kazi zake bila kumwagiza Ayubu akayakusanye. Katika nchi za joto kama zetu, viota vingi vya ndege wadogo hupotea kabla makinda hawajaruka. Nyoka, kenge, nyani, kunguru na siafu wanavijua. Ndivyo ilivyopangwa kwamba jozi moja ya ndege itage mayai mengi maishani na wabakie wawili tu wa kushika nafasi zao. Mnana aliyepoteza kiota mara nyingi hutaga tena msimu ule ule. Anayeamini kwamba Mungu amemleta kwenye yai hana budi kuamini pia kwamba Mungu amemleta kenge, na kwamba siku nyingi kabla ya yeye kupita hapo riziki ilikuwa ikigawanywa bila msaada wake. Kufikishwa mahali ni wito wa kuuliza unachopaswa kufanya pale, na jibu laweza kuwa kupisha.

Albert Schweitzer angenipinga hapa, na sauti yake ina haki ya kusikika kwa sababu aliishi maneno yake. Daktari huyu na mwanateolojia alifika Lambaréné, Gabon, mwaka 1913, na alisimulia kwamba Septemba 1915, akiwa ndani ya mashua mto Ogowe, ndipo lilipomjia wazo la heshima kwa uhai ambalo alilifanya msingi wa maadili yake yote. Alimwinua mdudu aliyezama kwenye dimbwi, na alilea ndege mwari nyumbani kwake. Kwa mtazamo wake uhai wote unataka kuishi, na mwenye maadili hapimi ni uhai wa nani unaostahili zaidi. Je, si kwamba yai nalo linataka kuishi? Jibu langu ni kwamba hapa lazima tutofautishe kilichopo na kinachoweza kuwepo. Chembe iliyolala ndani ya yai baridi haina njaa, haina hofu, haina maumivu. Likiachwa, kitakachopotea ni uwezekano. Nikiliwasha, nitakuwa nimemwita duniani kiumbe ambaye kesho ataona njaa, atatetemeka kwa baridi, na ataita sauti isiyoitikiwa na mtu anayeijua. Mdudu wa Schweitzer alikwishakuwapo na alikuwa akizama. Kumwinua kulimrudisha kwenye maisha yake mwenyewe, na baada ya hapo hakumhitaji daktari tena. Anayetotolesha yai hamrudishi mtu popote. Anaanzisha maisha ambayo hana pa kuyapeleka, na kila taabu itakayomfika kinda kuanzia saa ile ina mwanzilishi. Watu hufikiri jambo la hatari ni kuacha. Kwa yai lisilo na wenyewe karibu, kutenda kunabeba dhamana kubwa kuliko kuacha, kwa sababu huleta mwenye kuumia mahali ambapo hakuwapo.

Upo ushahidi mwingine ambao ungepaswa kusomwa na kila anayedhani huruma ya yai moja moja haiwezi kudhuru. Katika visiwa vya Chatham, New Zealand, mwaka 1980 walikuwa wamebaki ndege watano tu wa aina ya robini mweusi, na jike mmoja tu kati yao, aliyepewa jina la Old Blue, ndiye aliyefanikiwa kuzaa. Don Merton na wenzake waliiokoa aina hiyo kwa kazi ya subira isiyo na kifani. Waliyahamishia mayai yao katika viota vya ndege wengine ili jike atage tena. Katika miaka ile waliona baadhi ya majike hutaga yai ukingoni mwa kiota badala ya katikati. Yai la ukingoni haliatamiwi na halianguliwi. Kwa kuwa kila yai lilikuwa hazina, waliyasukuma mayai hayo ndani, na yakaanguliwa. Nani angefanya vingine? Lakini tabia hiyo ilikuwa ya kurithi. Makinda waliookolewa walikua, nao wakataga ukingoni, na kufikia 1989 zaidi ya nusu ya majike walikuwa na tabia hiyo. Kama kazi ile ingeendelea, aina nzima ingefikia hali ya kutoweza kuzaa bila kidole cha binadamu. Waliacha kuyasukuma. Tabia ikapungua mwaka hadi mwaka, na mwaka 2011 ilibaki kwa asilimia 9 ya majike. Utafiti uliochapishwa 2013 ulieleza hayo yote waziwazi. Waliosukuma mayai hawakukosa huruma wala ujuzi. Walimwona kila kinda, na kinda mmoja mmoja akauficha umma. Kwao ilikuwa lazima, kwa sababu bila mayai yale huenda robini mweusi asingekuwapo leo. Lakini ikiwa mkono wa wataalamu hao uliacha alama mbaya kwa miaka michache tu, hakuna mwenye haki ya kusema kwamba wema wake kwa yai hauhitaji kuhesabiwa.

Naam, robini mweusi yupo, na mayai yaliyoanguliwa kwa mkono wa binadamu yamewarudisha wengine pia. Hili ndilo pingamizi lenye nguvu kuliko yote. Mauritius, mwaka 1974, kozi wa kisiwa hicho walijulikana kubaki wanne tu porini. Carl Jones alifika mwishoni mwa muongo huo, akachukua mayai viotani mapema ili jike atage tena, akayaangua kwa mashine, na baada ya miaka kozi wakahesabika kwa mamia. Kondori wa California walikuwa 27 tu mwaka 1987, wote wakiwa mikononi mwa binadamu. Kazi hiyo ya mashine, pamoja na makinda kulishwa kwa mkono uliofichwa ndani ya mwanasesere wa kichwa cha kondori, iliwezesha kuwaachia tena porini kuanzia 1992. Siyapingi hayo hata kidogo. Nayaona kuwa mfano wa sharti nililotaja mwanzoni. Kozi hakupungua kwa nyoka na mvua; misitu yake ilikatwa, dawa ya DDT ilimwagwa, nyani na nguchiro wa kigeni waliletwa na meli. Kondori alikufa kwa risasi ya risasi, yaani madini ya risasi yaliyobaki katika mizoga iliyoachwa na wawindaji. Hapo binadamu alikuwa mdaiwa, na mdaiwa halipi kwa hisani. Kisha tazama jinsi deni lilivyolipwa hadi mwisho: mwanasesere ni kukiri kwamba uso wa binadamu ni sumu kwa kinda, na hata hivyo ikaonekana haitoshi, ikabidi makinda wawekwe na kondori wazima wawafunze adabu ya kikondori, kwa sababu waliolelewa bila wakubwa walisogelea watu na majengo. Watu wale walitumia miaka, fedha na elimu kumkabidhi ndege kwa wenyewe. Anayewataja kama kibali chake cha kuweka yai la mnana katika mashine ya kuku amechukua sehemu ya kwanza ya kazi yao akaiacha iliyobaki.

Kwetu Afrika Mashariki tunao mfano wa upande wa pili, wa mapenzi yasiyorudisha. Korongo taji, ndege wa nembo na bendera ya Uganda, anapendwa mno, na kupendwa huko kumemponza. Nchini Rwanda mayai na makinda wake yalitolewa kwenye vinamasi ili wakalelewe kwenye bustani za nyumba na hoteli kama pambo, wengi wakikatwa mabawa wasiondoke. Daktari wa mifugo Olivier Nsengimana alianza mwaka 2014 kampeni ya kuwaomba watu wawasalimishe bila kuadhibiwa. Wenye afya walipelekwa hifadhi ya Akagera wakajifunze upya kuwa korongo. Walioharibika mabawa wasiweze kuruka tena wanatunzwa katika kijiji cha Umusambi, Kigali, maisha yao yote. Waliowachukua, naamini, wengi walidhani wanawatunza: waliwapa mahindi, waliwaonea fahari, watoto wao waliwapenda. Hakuna ukatili uliokusudiwa katika bustani zile, na bado kinamasi kilibaki bila makinda. Sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya 2009 na ile ya Kenya ya 2013 zinamtaka mtu awe na kibali kabla ya kumiliki mnyama wa porini, na naona hekima ndani yake kuliko urasimu: zinakataa kumfanya kila mwenye huruma kuwa mlezi kwa kujiteua.

Watasema walimu na wazazi: hata yai lisipoanguliwa, mtoto aliyeliangalia siku kumi na nne amejifunza upole, na dini hupima tendo kwa nia. Hoja hii inanigusa, kwani moyo wa mtoto haulainiki kwa hotuba. Lakini nia njema humwondolea mtu lawama ya kutojua; haimwondolei wajibu wa kujua akishaweza. Na tujiulize mtoto anajifunza nini. Anajifunza pia kwamba kizuri kikionekana huchukuliwa, kwamba mwenye uchungu ni yule aliye mikononi mwake na siyo yule anayelia juu ya mti, na kwamba kifo cha kinda usiku wa tatu ni ajali isiyo na mwenyewe. Mtoto huyo huyo akikalishwa mbali na kiota, akahesabu jinsi mnana anavyokwenda na kurudi na panzi mdomoni, atapata upole ule ule pamoja na adabu ya kutogusa. Naupendelea upole wa pili. Unadai subira zaidi, na hauhitaji ndege afe ili somo likamilike.

Basi mwenye yai mkononi leo afanye nini? Kiota kikionekana, alirudishe humo mara moja. Imani iliyoenea kwamba ndege humkana mtoto aliyeguswa na binadamu haina msingi. Ndege wengi hawategemei harufu kwa jambo hilo, na kinachowakimbiza ni mtu kukaa karibu muda mrefu. Kiota kikiwa kimeanguka kizima, kifungwe kwenye tawi la karibu kabisa, kisha mtu aondoke kweli kweli, awape wazazi saa kadhaa za kurudi. Wasiporudi, au kiota kikiwa kimesambaratika, yai liachwe. Wenyewe wana nafasi ya kuanza upya, na wanahitaji mti kuliko wanavyotuhitaji sisi. Ikiwa ni aina adimu, au wazazi wameuawa na watu, taarifa ifike kwa maofisa wa wanyamapori na wataalamu wenye kibali, wenye mahali pa kumpeleka kinda akishakua.

Wengi wa ndege wetu huzaa wakati wa mvua na mara tu baada yake, na ndio wakati ambao watu wengi husafisha viwanja, hukata matawi na huchoma vichaka. Naomba maimamu, wachungaji na walimu walisemee jambo hili kabla ya msimu, si baada ya yai kuanguka: aliye na panga au msumeno atazame juu kwanza, na akiona kiota chenye wenyewe angoje wiki chache makinda waruke, ndipo akate.